Motokaa Ikigonga Mali Katika Uwanja wa Mtu

Somo la kumi na nane katika masomo ya watu wazima kwa njia ya redio. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili darasa liyasome tena baada ya matangazo.

Natumaini kila mmoja amepata kiti, taa inawaka vizuri, na daftari iko wazi mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne kabla sijaendelea: ripoti, shahidi, hasara, sahihi. (Kimya kidogo.) Ahsante.

Juma lililopita tulisoma risiti ya duka. Leo nilikusudia kuendelea na hesabu za duka, lakini imenifikia barua iliyonifanya niziweke hesabu kando. Imetoka kwa mwanafunzi mmoja, mama auzaye mahindi na maharagwe hapa kwetu Kenya. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa, na makosa yake hayazidi matano. Kwa heshima yake sitataja jina lake wala mahali pake. Nitamwita Mama Nafaka tu, na mtu wa pili katika habari hii nitamwita Bwana Dereva.

Mama Nafaka ana kibanda cha mbao na mabati pembeni mwa uwanja wa kinu cha posho. Uwanja ni mali ya mwenye kinu. Una seng'enge pande tatu, na upande wa nne u wazi, watu na mikokoteni hupita kutwa. Kila mwezi mama humlipa mwenye kinu kodi ya mahali pale. Asubuhi moja, mwaka jana, pikapu iliyoleta magunia ilikuwa ikirudi nyuma. Taniboi alikuwa nyuma yake akipiga kelele, "Njoo, njoo, njoo," kisha akakawia kusema "Simama." Bampa ikagonga nguzo ya kibanda. Nguzo ikavunjika, mabati mawili yakaanguka, mizani ikapinda, na debe zima la maharagwe likamwagika matopeni. Mama mwenyewe aliruka, lakini bati moja likamkwaruza mguu wa kushoto, juu ya kifundo.

Bwana Dereva hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akaomba radhi, akatoa shilingi 1,000. Kisha akachukua karatasi, akaandika mistari mitatu, akasema, "Mama, weka dole hapa, iwe ukumbusho kwamba nimekupa pesa." Mama akaweka dole. Mzee mmoja aliyekuwapo aliuliza kama haingefaa waende polisi kwanza. Watu wakamcheka. "Polisi wa nini, mzee? Hapa si barabarani. Hapa ni kwa mtu."

Siku ya nne mguu ulivimba. Zahanati ikataka fedha. Fundi naye akasema nguzo, mabati na kazi yake ni zaidi ya shilingi 6,000, na mizani haitengenezeki. Mama akampigia simu Bwana Dereva. Akajibiwa, "Mama, ulitia dole kwamba umelipwa yote na huna dai tena," na kwa ushuhuda akaletewa picha ya karatasi ile katika simu. Ilimbidi amwite mtoto wake wa darasa la tano amsomee. Ni kweli, ndivyo ilivyoandikwa: nimelipwa yote, sina dai. Mama anasema siku ya pili yake alikwenda kujiandikisha katika darasa la kisomo.

Sasa anauliza mambo mawili. La kwanza, je, polisi wangeweza kuandika habari ya ajali iliyotokea ndani ya uwanja wa mtu? La pili, je, amekwisha kuchelewa?

Tuanze na la kwanza, maana wale waliomcheka mzee ni wengi katika nchi hii, na wengine wao wamesoma sana.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403 katika vitabu vya sheria, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kifungu chake cha 73 kinasema habari ya dereva ambaye motokaa yake imesababisha ajali barabarani. Ikiwa mtu ameumia, au gari jingine, jengo au mnyama amepata madhara, dereva yampasa asimame. Kisha yampasa atoe jina lake na anwani yake, na jina na anwani ya mwenye motokaa, na namba ya motokaa, kwa kila mtu mwenye sababu ya haki ya kuyataka. Kama hakuyatoa kwa sababu yo yote, basi imempasa kwenda kituo cha polisi apige ripoti upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote zisipite saa 24.

Mtaniambia, "Mwalimu, umesema barabarani. Uwanja wa kinu si barabara." Hapa ndipo penye kiini cha somo. Katika sheria neno moja huweza kubeba mzigo mkubwa kuliko linavyobeba sokoni. Kifungu cha 2 cha sheria hiyo hiyo kinaeleza maana ya barabara. Si barabara ya serikali peke yake. Ni pamoja na njia nyingine yo yote, na gati, na uwanja wa kuegesha magari, hata njia ya miguu, ikiwa magari yaweza kupita na ikiwa watu wote wanaweza kufika. Sikilizeni tena maneno hayo ya mwisho: ikiwa watu wote wanaweza kufika. Sheria haiulizi tu nani ana hati ya shamba. Inauliza nani huingia.

Basi tazameni mahali mnapopajua. Kituo cha petroli ni mali ya mtu au kampuni, lakini kila mwenye motokaa huingia. Uwanja wa maduka makubwa mjini una mlinzi na kizuizi cha mti, lakini kizuizi huinuliwa kwa kila mteja. Uwanja wa kanisa siku ya Jumapili, uwanja wa msikiti siku ya Ijumaa, uwanja wa hospitali, uwanja wa kiwanda cha kahawa wakati wakulima wanapoleta buni. Huko kote hushangai kuona motokaa ya mgeni. Uwanja wa kinu cha Mama Nafaka ni wa namna hiyo. Wateja huingia na kutoka bila kuulizwa. Kwa maoni yangu mzee aliyechekwa ndiye aliyekuwa na haki.

Lakini tusivute kamba ipite mti. Kuna viwanja ambavyo kweli si vya watu wote. Boma lako lenye lango lililofungwa, ambamo haingii ila uliyemkaribisha, si barabara kwa sababu tu mjomba wako aliingiza motokaa yake akagonga tangi la maji. Hapo kifungu cha 73 huenda kisimguse. Je, maana yake mjomba halipi tangi? La. Wajibu wa kulipa hasara uliyoileta kwa uzembe hautokani na barabara. Ukiharibu mali ya mtu kwa uzembe, wawajibika, iwe katika njia kuu au nyuma ya jiko lake. Tofauti ni kwamba askari aweza kukuambia kuwa jambo hilo ni dai baina ya watu wawili, si kosa la trafiki. Hata hivyo mwombe aliandike. Maandishi ya siku ile ile yana nguvu kuliko maneno ya mwaka ujao. Na kama mtu ameumia, hata katika boma lililofungwa, hata kama ni mtoto wa ndugu na jeraha ni dogo, msikae nyumbani mkishauriana. Hospitali kwanza, kisha polisi.

Kabla hatujafika kituoni, yako mambo ya kufanya pale pale uwanjani, nayo ndiyo yanayotakiwa na darasa hili zaidi, kwa kuwa yote ni kazi ya kalamu.

Andika namba ya motokaa. Iandike wewe mwenyewe, usimwachie mtu akukumbukie. Magari mengi ya kwetu yana herufi tatu, ya kwanza ikiwa K, kisha tarakimu tatu, kisha herufi moja. Ukiona haraka haraka, 8 hufanana na B, na 5 hufanana na S. Basi tazama mara mbili. Kama una simu yenye kamera, piga picha ya bamba la namba, picha ya mahali motokaa iliposimama kabla haijasogezwa, na picha ya kitu kilichoharibika. Asiye na kamera achore. Mchoro wa mistari minne, wenye mlango wa kinu, pikapu na kibanda, wafaa sana. Nimepata kuona mchoro ulioandikwa nyuma ya karatasi ya unga, nao ukamsaidia mwenyewe kuliko maneno ya saa nzima.

Andika jina la dereva, simu yake, na jina la mwenye motokaa, kwani mara nyingi si mtu mmoja. Muulize kampuni ya bima yake ni ipi. Kisha andika majina mawili ya watu walioona. Walioona, nasema, si waliokuja baadaye kusimama na kutikisa kichwa. Taniboi naye ni shahidi, ingawa anafanya kazi na dereva.

Halafu andika saa. Hapa naomba mwalimu wa darasa anyamazishe wote, maana kuna mtego ambao umewaponza watu werevu. Sisi tunaposema saa nne asubuhi, saa ya Kizungu inaonyesha kumi. Askari wa zamu huweza kuandika kwa Kiingereza, na katika daftari yake saa huandikwa kwa hesabu ya Kizungu. Ukisema "saa nne" naye akaandika 4, umekwisha kuwekwa alfajiri, wakati kinu kimefungwa. Au akiandika saa kumi, kisha mtu mwingine akakusomea kwa Kiswahili "saa kumi," utadhani ni jioni. Mbele ya hakimu, wakili wa upande wa pili atasimama aulize, "Mama, ajali ilitokea asubuhi au jioni?" Nawe utaonekana mwongo, na ulikuwa ukisema kweli. Dawa yake ni ndogo. Taja saa, kisha taja kitu: "Saa nne asubuhi, watoto wa shule walipokuwa mapumzikoni." Kisha mwombe askari akuonyeshe alivyoandika. Kila mmoja sasa aandike katika daftari yake: saa nne asubuhi ni 10:00, saa nane mchana ni 14:00, saa moja jioni ni 19:00. (Kimya kidogo.)

Sasa twende kituoni.

Mezani utamkuta askari wa zamu. Msalimu, useme umekuja kupiga ripoti ya ajali ya motokaa. Ripoti yako itaandikwa katika kitabu kikubwa cha matukio, ambacho watu wote hukiita kwa herufi mbili, OB. Kila jambo liandikwalo humo hupewa namba. Usiondoke bila namba hiyo. Iandike katika daftari yako pamoja na tarehe na jina la kituo. Bila namba, ukirudi baada ya mwezi na askari yule amehamishwa, ni kana kwamba hukuja. Kuandikisha ripoti hakulipiwi. Ukiombwa "kitu kidogo," uliza kwa adabu kama utapewa risiti. Mara nyingi swali hilo hutosha. Askari akikataa kabisa kuandika, omba kumwona mkuu wa kituo. Na ikiwa hapo napo hukusikilizwa, iko mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi, ijulikanayo kwa herufi IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo hupokea malalamiko ya raia. Haki yasema pia nitaje kwamba askari wengi huandika bila matata, hasa ukifika na namba na majina tayari.

Baada ya kitabu huja maelezo yako kamili, ambayo huandikwa katika karatasi na kutiwa sahihi yako. Una haki ya kuyasema kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imeweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Yakiandikwa kwa Kiingereza, omba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Usione haya. Mwenye haya hapo hulipa baadaye.

Maelezo mazuri ni mafupi, nayo husema uliyoyaona, si uliyoyadhani. "Dereva alikuwa mlevi" ni dhana. "Nilisikia harufu ya pombe alipoongea nami" ni ushahidi. "Alikuja mbio kama kichaa" haimsaidii mtu. Nitasoma mfano polepole, nanyi fuateni kwa kidole.

"Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi ndani ya kibanda changu katika uwanja wa kinu. Pikapu nyeupe ilikuwa ikirudi nyuma kutoka mlango wa kinu. Niliona bampa yake ya nyuma ikigonga nguzo ya kibanda, upande wa kulia. Nguzo ilivunjika. Mabati mawili yalianguka. Bati moja lilinikwaruza mguu wa kushoto. Dereva alishuka, akaniambia jina lake. Namba ya pikapu niliiandika mwenyewe."

Sentensi nane, na kila moja yaweza kuulizwa ikajibika.

Kama umeumia, mwambie askari akupe fomu ya P3, ambayo daktari huijaza aeleze jeraha. Weka karatasi zote za zahanati na risiti zake mahali pamoja. Mfuko wa plastiki juu ya dari wafaa, mradi panya asiufikie. Baadaye polisi huweza kukupa karatasi fupi yenye muhtasari wa ajali: tarehe, mahali, namba ya motokaa, jina la mwenyewe, na bima yake. Hiyo ndiyo wengi huiita abstrakti. Kampuni ya bima itaitaka, na hakimu pia huitazama.

Nimetaja bima mara mbili, nami sitaki muwe na tumaini la bure. Sheria inamlazimisha kila mwenye motokaa kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine waumiao au kufa kwa sababu ya motokaa yake barabarani. Ni Sura ya 405. Lakini lazima hiyo ni ya mwili wa mtu. Haikulazimisha bima ya kibanda, wala mizani, wala maharagwe. Kama bima ya Bwana Dereva hulipa mali ya watu, ni kwa sababu mkataba wake umeandikwa hivyo, nayo mikataba haifanani. Ndiyo sababu mguu wa Mama Nafaka, ulioonekana jambo dogo siku ile, ulikuwa jambo kubwa kuliko kibanda chote mbele ya kampuni ya bima. Na ndio haukuandikwa popote.

Labda wako madereva wanaonisikiliza, nao wanasema mwalimu anawatia watu uchochezi. Hasha. Ripoti humlinda dereva pia. Ulimgonga mtu nguzo moja. Baada ya miezi miwili unadaiwa nyumba nzima na ng'ombe wawili waliokuwa ndani. Kama uliripoti siku ile ile, daftari ya polisi itasema ni nguzo moja. Na ukigonga ua wa mtu ambaye hayupo, usiende zako kimya kwa kuwa hakuna aliyeona. Acha karatasi yenye jina na simu yako, mwambie jirani, kisha ripoti kituoni kabla ya saa 24 kupita. Tena mikataba mingi ya bima hukataza dereva kukiri kosa au kuahidi malipo kabla ya kampuni kupewa habari. Kuomba radhi ni uungwana, hakuna anayekukataza. Kuandika "nitalipa yote" ni jambo lingine; piga simu kwa bima yako kwanza.

Je, kila mkwaruzo uende polisi? Sidhani. Kwa kweli watu huogopa kituo kwa sababu wanazozijua: siku nzima hupotea, na pengine motokaa hushikwa ikaguliwe, na mwenye matatu au pikapu hupoteza riziki. Majirani wawili wakigusana bampa, hakuna aliyeumia, kila mmoja ana jina na namba ya mwenzake, hasara ni ya rangi ya shilingi chache, nao wamepatana, waende zao na heri. Lakini mapatano hayo yaandikwe, yasomwe kwa sauti mbele ya watu wawili, na kila upande ubaki na nakala yake. Hiyo ndiyo sehemu iliyokosekana katika uwanja wa kinu. Karatasi ilikuwako, lakini ilisomwa na mtu mmoja tu.

Mfano wa mapatano ya haki ni huu:

"Leo tarehe fulani, motokaa namba fulani, ikiendeshwa na mimi fulani, imegonga kibanda cha fulani. Nimempa shilingi 1,000. Fedha hizi ni sehemu ya gharama, si zote. Zilizobaki zitalipwa fundi akisha kutaja bei, kabla ya tarehe fulani. Habari ya jeraha na matibabu haimo katika mapatano haya."

Angalieni maneno "sehemu, si zote." Maneno matatu madogo, na kwa Mama Nafaka yangekuwa na thamani ya shilingi 5,000 na zaidi. Na angalieni sentensi ya mwisho. Jeraha halijui kujionyesha siku ya kwanza, kwa hiyo usiliuze siku ya kwanza. Kama mtu akikuletea karatasi unayoshindwa kuisoma, mwambie, "Nitaitia sahihi kesho, nikisha kusomewa na mtu wangu." Akikasirika, jua kuna kitu humo. Na karatasi isiyo na maandishi, au yenye nafasi wazi katikati, usiitie dole hata kama ni ya ndugu yako wa tumbo moja.

Sasa swali la pili la Mama Nafaka. Amechelewa?

Kwa polisi, amechelewa kwa namna fulani: mahali pamekwisha kubadilika, na nguzo mpya imesimikwa. Lakini hakatazwi kwenda leo kupiga ripoti na kueleza kwa nini hakuja mapema. Asibadilishe tarehe ili aonekane aliwahi. Kwa dai la fedha hajachelewa hata kidogo. Madai ya hasara iletwayo na uzembe wa mtu hupewa miaka mitatu tangu siku ya tukio, kwa Sheria ya Muda wa Madai, Sura ya 22. Yeye ana mwaka mmoja tu nyuma yake.

Tena hahitaji wakili mkubwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama za kwanza za namna hiyo zikaanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ikiwa ni pamoja na mali iliyoharibiwa na majeraha ya mwili. Sheria inataka shauri liamuliwe katika siku 60, na mdai aweza kujisemea mwenyewe. Hazijafika kila mji. Palipokosekana, aulize karani katika mahakama ya hakimu iliyo karibu naye. Apeleke risiti za zahanati, bei aliyoandikiwa na fundi, picha ya mizani, na majina ya waliokuwapo. Yule mzee aliyechekwa ningemtanguliza mbele.

Na ile karatasi yenye dole? Hiyo ni mwiba, sitamdanganya. Bwana Dereva ataileta. Lakini dole si muhuri wa chuma. Mama aweza kumwambia mwamuzi kwamba wakati ule hakujua kusoma, hakusomewa, na aliambiwa kuwa ni ukumbusho wa kupokea shilingi 1,000. Mwamuzi atapima maneno ya pande mbili na mashahidi. Kama mzee na wengine walisikia dereva aliyosema, karatasi itapungua nguvu. Siwezi kumwahidi ushindi. Naweza kumwambia kwamba kabla ya kwenda mahakamani ampelekee Bwana Dereva barua ya kudai, yenye hesabu yote, na kumpa siku 14 ajibu. Wengi hulipa wakipata barua, hasa ikiwa imeandikwa na mtu waliyedhani hawezi kuandika.

Mama Nafaka, barua hiyo tutaiandika pamoja. Mwalimu wako anayo rasimu niliyomtumia.

Zoezi la juma hili. Kila mwanafunzi achague uwanja mmoja anaoujua, kama wa duka, wa kanisa au wa nyumbani kwake, aandike sentensi mbili: ni wa nani, na nani huingia. Kisha aandike maelezo ya ajali ndogo kwa sentensi zisizozidi nane, akitaja saa kwa namna mbili. Wanaoanza kusoma waandike yale maneno manne ya ubaoni, na namba ya motokaa moja waliyoiona njiani leo, waihakikishe kesho kama waliiandika sawa.

Juma lijalo, saa hii hii, tutarudi kwenye hesabu za duka. Leteni risiti zenu. Kwaherini.